Omba kwa Orodha: Jinsi Klabu ya Roboti ya Shule Inavyoweza Kupata Wafadhili

Vijana wa Afrika Mashariki wanaojenga roboti wana majukwaa ya kushindana na wenzao wa dunia. FIRST Global, iliyoanza Washington mwaka 2017, hualika timu moja kutoka kila nchi, na imekwishafanyika Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore na Athens. World Robot Olympiad ipo tangu mwaka 2004. Vipaji vya kufika huko tunavyo, mijini na vijijini. Kinachozikwamisha klabu nyingi ni betri zilizochoka, mota moja inayogombewa na darasa zima, na nauli ya kwenda kwenye mashindano. Vitu hivyo vyote vina bei, na chenye bei hutafutiwa fedha kwa utaratibu.

Makala haya ni kwa mwalimu mlezi, mzazi na mwanafunzi wa klabu ya roboti Tanzania, ingawa mengi yatamfaa pia msomaji wa Kenya. Neno kuu ni hili: mfadhili huguswa na habari za watoto, lakini hufungua mkoba akiona orodha.

Bajeti kwanza

Kabla ya kuandika barua yoyote, amueni mnashindana wapi na msome kanuni zake. FIRST LEGO League, kwa mfano, hutaka roboti iliyojengwa kwa vifaa vya LEGO, ambavyo ni ghali. FIRST Robotics Competition, yenye roboti kubwa, ada yake ya kujiandikisha Marekani ni maelfu ya dola kwa msimu. Klabu changa ikianzia huko, itachoka kabla haijasimama.

Kwa kujifunza, ipo njia nafuu. Bodi ya Arduino ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ndiyo maana bodi zinazofanana nayo hutengenezwa na wengi na kuuzwa kwa bei ndogo. Tafuteni katika maduka ya elektroniki ya Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, kabla ya kuagiza nje. Mkiagiza au mkitumiwa zawadi kutoka ng'ambo, ulizeni mapema kuhusu ushuru wa forodha, usije ukawashtua mzigo ukiwa umeshafika.

Gawanyeni bajeti katika mafungu manne: vifaa vya kudumu (kompyuta mpakato, bodi, mota, bisibisi), vifaa vinavyokwisha (betri, waya, gundi), ada za mashindano, na safari. Fungu la safari ndilo husahaulika: pasipoti, viza, chakula, malazi na mlezi wa kike kama wapo wasichana. Mwaka 2017 timu ya wasichana wa Afghanistan ilinyimwa viza ya Marekani mara mbili, ikaruhusiwa siku chache tu kabla ya mashindano kuanza. Nendeni ubalozini mapema, na fedha za viza zipatikane kabla ya zile za fulana.

Kila kifaa kiwe na proforma, yaani hati ya bei kutoka dukani. Bei ya kukisia humfanya mfadhili awe na mashaka na ukurasa mzima.

Gawanyeni mzigo

Watanzania tunajua kuchangishana. Kamati ya harusi haimwendei tajiri mmoja ikamwomba alipie ukumbi, chakula na magari. Huandika majina, hupokea ahadi, na mtunza hazina hufuatilia ahadi hizo mpaka zilipwe. Klabu ya roboti ifanye vivyo hivyo.

Tuseme bajeti ni shilingi milioni 3. Wazazi 20 wakitoa 30,000 kila mmoja, ni 600,000. Wahitimu 10 wa shule wakitoa 60,000, ni 600,000 nyingine. Maduka matatu ya mtaani yakitoa 200,000 kila moja, mnafika 1,800,000. Inabaki 1,200,000, na hiyo ndiyo mnayopeleka kwa kampuni. Mkuu wa kitengo cha huduma kwa jamii akiona kwamba zaidi ya nusu imeshapatikana kwa jasho lenu, ombi lenu hulisoma kwa jicho jingine.

Mwanafunzi asiyekuwa na cha kutoa asiondolewe kwenye klabu. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima kwa wanafunzi wa shule za umma, akaelekeza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari aupeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo shule ya umma isianze kuchangisha bila kupata kibali cha maandishi na kumuuliza afisa elimu utaratibu unaotumika sasa.

Milango ya kubisha

Anzeni na waliopo karibu. Kwa shule za Geita, Kahama, Tarime na maeneo mengine ya migodi, Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Ombi lenu basi lipite halmashauri, kupitia kwa diwani na afisa elimu, mpango ukiwa bado unaandaliwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Anayeamka Juni amechelewa.

Benki, kampuni za simu na viwanda mara nyingi huwa na fungu la huduma kwa jamii. Wafahamisheni pia kuhusu kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kutoa katika hesabu zake michango kwa taasisi za hisani au miradi ya maendeleo ya jamii, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Upo pia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), ambao wachangiaji wake hupata nafuu ya kodi. Mhasibu wa kampuni atajua masharti. Kazi yenu ni kumkumbusha.

Msiombe fedha pekee. Marekani, timu ya roboti namba 254 ya San Jose imedhaminiwa kwa miaka mingi na kituo cha utafiti cha NASA Ames. Kwetu, fundi wa kuchomelea, mwalimu wa chuo cha ufundi cha VETA, au mwanafunzi wa uhandisi kutoka DIT, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au MUST Mbeya anaweza kutoa Jumamosi zake. Saa hizo nazo ni ufadhili, ziandikwe kwenye orodha ya wachangiaji. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, na ya Young Scientists Kenya kwa majirani zetu, ni mahali pa kukutana uso kwa uso na kampuni zinazojali sayansi ya vijana.

Barua ya ukurasa mmoja

Barua iwe na mambo sita: ninyi ni nani, mmefanya nini hadi sasa, mnataka nini hasa, kitagharimu kiasi gani, mfadhili atapata nini, na lini mtatoa ripoti. Ipigwe mhuri wa shule na kusainiwa na mkuu wa shule. Iambatane na bajeti, proforma na picha moja ya roboti yenu, hata kama ni kigari kinachofuata mstari mweusi sakafuni.

Anayepewa orodha ya vitu hutoa haraka kuliko anayeombwa "msaada wowote". Andikeni: betri nne, seti moja ya mota, nauli ya wanafunzi sita. Kila mmoja atachagua anachokiweza.

Shukrani kwa mfadhili pia zina kanuni zake. Katika FIRST Robotics Competition, jina rasmi la timu huwataja wafadhili pamoja na shule, na nembo zao hubandikwa kwenye roboti. Nanyi wekeni majina kwenye roboti, fulana na bango. Mkienda ofisini kwa mfadhili, mwanafunzi ndiye aeleze na kuiendesha roboti. Mwalimu akae pembeni. Dakika tano zinatosha.

Picha za wanafunzi zisisambazwe bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019.

Fedha zipite njia iliyo wazi

Michango isiingie kwenye namba ya simu ya mwalimu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Tumieni akaunti au lipa namba ya shule, na malipo yaidhinishwe na zaidi ya mtu mmoja. Kila mchangiaji apewe risiti, na kila matumizi yawe na risiti. Jumla ya makusanyo isomwe kwenye kikao cha wazazi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Klabu inaweza pia kujitafutia: mafunzo ya wikendi kwa wanafunzi wa msingi, au siku ya maonyesho yenye kiingilio kidogo. Bahati nasibu iacheni, kwa sababu inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Ripoti ndiyo ombi la mwakani

Mashindano yakiisha, mkishinda au mkishindwa, mpelekeeni kila mfadhili ripoti ya kurasa mbili ndani ya mwezi mmoja: fedha zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki, na walichojifunza wanafunzi. Aliyetoa betri mbili apate ripoti ileile ya aliyetoa milioni. Timu iliyoshika nafasi ya mwisho ikaleta hesabu safi ina nafasi nzuri ya kusaidiwa tena, lakini iliyopata medali ikanyamaza itaanza upya kila mwaka.

Mwalimu mlezi, wiki hii kaa na wanafunzi wako muandike bajeti, kila mstari na bei yake. Mzazi, kubali kuwa mtunza hazina. Nawe mwenye duka, kiwanda au kampuni, watoto wakifika mlangoni kwako na orodha mkononi, wape kiti uwasikilize, kisha chagua mstari mmoja uulipie.