Tunaooana Nao Ndio Tunaopigana Nao: Ushuhuda na Nasaha katika Semi za Wagusii

1. Utangulizi

Mtu yeyote aliyesoma Kiswahili katika shule za Kenya anaikumbuka sentensi hii: "Methali hii inatufunza kwamba..." Tumeiandika katika insha, tumeiandika katika mitihani ya fasihi simulizi, na baadhi yetu tumekuja nayo hadi chuo kikuu. Baada ya kuiandika, kalamu hukimbilia nasaha moja kwa moja: tusifanye hivi, tufanye vile. Mazoea haya yametufanya tuamini kuwa kila usemi wa hekima ni amri iliyovishwa nguo za mafumbo.

Makala haya yanakusudia kuyatikisa mazoea hayo. Hoja yetu ni kwamba semi za hekima ni za aina mbili. Ziko semi za kuagiza, ambazo humwambia msikilizaji la kufanya. Ziko pia semi za kushuhudia, ambazo humweleza msikilizaji jinsi binadamu alivyo, bila ya kumsifu wala kumhukumu. Anayesoma usemi wa kushuhudia kana kwamba ni wa kuagiza huipotosha hekima ya jamii nzima. Ili kuithibitisha hoja hii, tutachambua semi mbili mashuhuri za Wagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, na kuzilinganisha na methali za Kiswahili. Kwa kuwa lengo letu ni ulinganishi, semi zote mbili tutazitoa kwa tafsiri ya Kiswahili.

2. Wagusii na lugha yao

Wagusii, au Abagusii kama wanavyojiita, wanaishi katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Kenya. Nyamira ilikuwa sehemu ya Kisii hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1989. Chini ya Katiba ya 2010, maeneo haya yakawa kaunti mbili zilizoanza kazi mwaka 2013. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Majirani zao ni Waluo, Wakipsigis na Wamaasai, ambao lugha zao si za Kibantu.

Lugha yao, Ekegusii, ni ndugu ya Kiswahili. Anachokiita Mswahili mtu, Mgusii hukiita omonto. Watu ni abanto. Mwana ni omwana. Hata hivyo, ndugu si pacha. Ekegusii kina irabu saba pale Kiswahili kilipo na tano, kina toni, na nomino zake hutanguliwa na irabu ya ziada kabla ya kiambishi cha ngeli. Aidha, kiambishi ke- hugeuka kuwa ge- kinapofuatwa na konsonanti isiyo ya ghuna: twasema Ekegusii, lakini kikundi cha kusaidiana kazi huitwa egesangio. Undugu huu wa lugha ni neema kwa mfasiri, lakini pia ni mtego. Maneno yakifanana, mtu hudhani kuwa na fikra zimefanana.

Methali za Kiswahili zimekusanywa kwa muda mrefu. Mkusanyo wa William Taylor ulitoka mwaka 1891, na Kamusi ya Methali ya K. W. Wamitila ilitoka mwaka 2001. Semi za Wagusii zimechelewa kupata makamusi ya namna hiyo. Baadhi ya semi hizo tunazijua kwa sababu wanaanthropolojia waliofanya utafiti Gusii katika karne ya 20, kama vile Robert LeVine, walizinukuu walipokuwa wakieleza ndoa, malezi na ugomvi. Jambo hili lina faida yake: usemi ulionukuliwa hivyo hutujia ukiwa na muktadha wake, haukuning'inia peke yake katika orodha.

3. Usemi wa kwanza: "Tunaooana nao ndio tunaopigana nao"

3.1 Muktadha

Wagusii wamegawanyika katika makundi makubwa, miongoni mwao Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Abamachoge, Ababasi na Abanchari, na ndani ya makundi hayo mna koo nyingi. Mila haikumruhusu mtu kuoa katika ukoo wake. Mke alitoka ukoo mwingine, na kabla ya utawala wa Waingereza, ukoo mwingine ndio uliogombaniwa nao malisho na ng'ombe. Basi kijana alipotaka mchumba, alielekeza macho kulekule alikoelekeza mkuki. Usemi huu ulizaliwa katika hali hiyo, na ulipozaliwa haukuwa fumbo hata kidogo. Ulikuwa maelezo ya kweli ya mpaka wa kila kijiji.

3.2 Muundo

Tuutazame sasa kwa jicho la sarufi. Kitenzi tunaooana kina kiambishi cha nafsi tu-, kiambishi cha wakati -na-, kirejeshi -o-, mzizi -o-, kiambishi cha kauli ya kutendana -an- na kiishio -a. Kitenzi tunaopigana kimejengwa kwa mpangilio huohuo, tofauti ikiwa mzizi tu. Kuoana na kupigana, mambo mawili ambayo tungeyatenga kama mchana na usiku, yamevaa sare moja: yote mawili ni ya kutendana, yote mawili yanahitaji watu wawili. Mtu hawezi kupigana na asiyemjali, kama asivyoweza kuoana na asiyemfikia.

Pili, neno ndio linasawazisha pande mbili za sentensi. Usemi hausemi "tunaooana nao pia hupigana nasi." Unasema ni walewale, hakuna wengine. Ndiyo maana waweza kuugeuza ukasema "tunaopigana nao ndio tunaooana nao," nao ukabaki kweli. Ukianza na ndoa, unasikika kama onyo. Ukianza na vita, unasikika kama tumaini. Uchekeshaji wake na uchungu wake vimo katika mizani hiyo.

3.3 Ulinganishi

Kiswahili kina methali tatu zinazoukaribia usemi huu. Ya kwanza ni "Kikulacho ki nguoni mwako," ambayo huona hatari katika ukaribu. Ya pili ni "Wagombanao ndio wapatanao," ambayo huona heri katika ugomvi. Ya tatu ni "Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana," ambayo huona ugomvi kuwa jambo la kawaida lisilostahili kilio. Usemi wa Wagusii umezibeba zote tatu kwa pamoja, na haukuchagua upande. Mwanafunzi akiulizwa unafunza nini, atajibu nini? Kwamba tusioane na adui? Wagusii walioana nao. Kwamba tusipigane na wakwe? Walipigana nao. Usemi haukuagiza lolote kati ya haya. Ulishuhudia tu kwamba jamii ilijengwa juu ya mkinzano huo, na kwamba mtu mzima ni yule anayeweza kuishi nao.

3.4 Ni nani anayesema "tu-"?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kiambishi tu- katika usemi huu ni cha nani? Ni cha wanaume wa ukoo mmoja, wanaowatazama wanaume wa ukoo mwingine. Lakini yuko mtu wa tatu ambaye usemi unamtaja bila kumpa sauti: mwanamke aliyetoka upande mmoja akahamia upande wa pili. Kwake yeye, kina "sisi" ni mume na wanawe, na kina "wao" ni baba yake na kaka zake. Tena ng'ombe waliotolewa mahari yake aghalabu ndio waliomwezesha kaka yake kuoa. Hivyo ndoa mbili zilisimama juu ya zizi moja. Vita vilipozuka, kila mkuki uliorushwa ulielekea kwa mtu wake.

Kiswahili hutusaidia kuliona jambo hili. Katika lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa; mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Ni kauli ya kutendana peke yake, kuoana, inayowaweka kwenye kiwango kimoja. Usemi wetu unatumia kauli hiyo, lakini kwa maana ya koo kuoana, wala si mtu na mwenziwe. Usawa umo katika sarufi, haumo katika boma. Msomaji makini wa fasihi simulizi hana budi kuuliza swali hili kila mara: usemi huu ni wa nani, na ni nani ambaye angeusema kwa namna nyingine?

4. Usemi wa pili: "Mtoto wa mwenzio ni kamasi baridi"

Usemi huu humfanya msikilizaji acheke na kukunja uso kwa wakati mmoja. Kamasi za mwanao unazipangusa kwa kiganja bila kufikiri, kwa sababu ni za moto, ni kama sehemu ya mwili wako. Za mtoto wa mtu mwingine zimekwisha kupoa. Unazigusa huku umegeuza uso. Taswira ni moja tu, lakini inaeleza kwa mguso wa ngozi kile ambacho mwanasaikolojia angekieleza kwa kurasa nyingi.

Kiswahili kinasema kinyume chake: "Mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio." Yaani mtoto wa mwenzako mheshimu kama unavyomheshimu mtu mzima. Tena kinasema, "Mkono mmoja haulei mwana." Je, tuseme Waswahili ni wakarimu na Wagusii wana roho mbaya? Hitimisho kama hilo lingekuwa kosa kubwa. Wagusii hao hao walikuwa na egesangio na risaga, vikundi vya majirani waliolimiana mashamba kwa zamu au kwa kuitana, na hakuna anayelima shamba la jirani huku akiwachukia wanawe.

Tofauti iko katika aina ya usemi. Methali za Kiswahili tulizozitaja ni za kuagiza: zinatuambia tuwe vipi. Usemi wa Kigusii ni wa kushuhudia: unatuambia tulivyo. Na ni yule tu anayekiri kuwa kamasi za mtoto wa mwenzake ni baridi anayeweza kujua ukubwa wa kazi ya mama wa kambo, shangazi, au jirani anayeamua kuzipangusa hata hivyo. Amri bila ushuhuda huwa unafiki; ushuhuda bila amri huwa kukata tamaa. Mwenye hekima huziweka pamoja.

5. Semi hizi leo

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa mikuki imekwisha na kwamba usemi wa kwanza ni wa makumbusho. Hatukubaliani nao, kwa sababu mbili.

Kwanza, uwanja wa ugomvi umehama. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ilikuwa na wastani wa watu 957 katika kila kilomita mraba, na Nyamira watu 675. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata vipande vingine havitoshi boma na mgomba. Zamani mtu aligombania ng'ombe na ukoo wa mkewe. Siku hizi hugombania mpaka na ndugu wa tumbo moja. Wazee wa etureti, baraza la wazee linalosuluhisha migogoro ya ardhi na ya kifamilia, wanakalishwa na watu wa boma moja. Usemi haujafa, ila umeingia ndani ya nyumba, na hapo unakaribiana zaidi na "Kikulacho ki nguoni mwako."

Pili, mipaka ya nje ingalipo. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, eneo la mpaka wa Borabu na Sotik lilishuhudia mapigano baina ya Wagusii na Wakipsigis. Watu hao wamebadilishana mifugo, soko na pia mabinti kwa vizazi. Katika hali kama hiyo, mzee akisema "tunaopigana nao ndio tunaooana nao," akaanza na vita na kumalizia na ndoa, hatoi pambo la lugha. Anamkumbusha kijana mwenye upinde kwamba upande ule wako wajomba zake.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba usemi mmoja wa maneno machache unaweza kubeba historia, sarufi na kilio cha mtu ambaye hakutajwa. Tumeona pia kuwa methali mbili zinazopingana si lazima moja iwe ya uongo. Huenda moja inaagiza na nyingine inashuhudia. Tunawasihi wanafunzi wenzetu, hasa wanaotoka katika jamii ambazo semi zao hazijaandikwa kwa wingi, wanapokwenda likizo wakae na bibi na babu, waulize usemi ulisemwa lini, na nani, akimwambia nani. Orodha ya semi bila majibu hayo ni mbegu zilizotiwa kibuyuni: zinahesabika, lakini hazioti.

Maswali ya mjadala

1. Taja methali tatu za Kiswahili za kuagiza na tatu za kushuhudia. Eleza ni kigezo gani ulichotumia kuzitofautisha.
2. Andika upya usemi "Tunaooana nao ndio tunaopigana nao" kwa nafsi ya mwanamke aliyeolewa. Eleza ni viambishi gani vimebadilika, na maana imebadilika vipi.
3. Tafuta katika lugha yako ya kwanza usemi unaopingana na "Mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio." Ueleze pamoja na muktadha wake, bila kuanza na maneno "Methali hii inatufunza kwamba."