SOMO: MALARIA INAPOPANDA MLIMA



Sisi wa sharika za juu tumezoea kusema malaria ni ugonjwa wa tambarare. Ipo sababu. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kimelea cha malaria lazima kwanza kikomae ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 28 huchukua siku 10 hivi. Kwenye nyuzi 20 wiki nne, na mbu wengi hufa kabla. Chini ya nyuzi 16 hakikomai. Basi joto likizidi hata kidogo, mpaka wa malaria husogea juu.

Lakini joto si mwisho wa habari. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta chini ya mtoto 1 kati ya 100 mkoani Kilimanjaro ana malaria, ingawa tambarare ya Moshi ina mashamba ya mpunga. Vyandarua, vipimo vya haraka na dawa ya mseto vimesaidia sana.

Tusijisahau. Palipo na malaria kidogo, hata watu wazima hawana kinga. Baada ya mvua za El Niño za 1997–1998, malaria ililipuka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Tujadiliane:
1. Ni kaya zipi usharikani hazina vyandarua?
2. Maji yanatuama wapi baada ya masika?
3. Mwenye homa hupimwa siku hiyo hiyo, au husubiri?