Kufuli Lisilomjua Mwenyewe

Kila kufuli lina tabia moja: halimjui mtu, lajua ufunguo tu. Mwenye nyumba akipoteza ufunguo wake, husimama nje kama mwivi asimamavyo, na kufuli halimhurumii. Walakini kufuli la chuma laweza kukatwa kwa msumeno. Katika somo hili tutajifunza habari za kufuli lisilokatika kwa msumeno wala kuvunjika kwa nyundo, nalo limo ndani ya kompyuta.

Ndani ya kompyuta mna diski, nayo ndiyo ghala ya kazi zote: barua, hesabu na picha. Watu wengi hudhani kwamba neno la siri la kuingilia latosha kuilinda ghala hiyo. Sivyo. Mwivi akiitoa diski na kuitia katika kompyuta nyingine, aweza kusoma yote. Maana neno la siri ni bawabu wa mlangoni, na mwivi amepita dirishani. Kwa sababu hiyo zilitengenezwa programu zifumbazo diski nzima, hata kila herufi iliyomo ikawa fumbo. Kampuni ya Microsoft iliitia programu iitwayo BitLocker katika Windows Vista, iliyouzwa kwa watu wote tangu Januari 2007. Kampuni ya Apple nayo ilianza kufumba diski nzima kwa FileVault 2 mwaka 2011.

Fumbo hili lina nguvu nyingi. Funguo ziwezekanazo ni nyingi hata hesabu yake ina tarakimu 39. Tuseme mtu ana mashini ijaribuyo funguo 1,000,000,000 kwa kila sekunde: kuzijaribu zote kutahitaji miaka ambayo hesabu yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 22. Basi mwivi hafungui. Lakini fahamuni vema: na mwenyewe aliyepoteza ufunguo hafungui vilevile.

Je, mwenyewe hufunguaje kila siku? Katika kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho TPM, nacho ni mfano wa bawabu ashikaye ufunguo. Kila mara kompyuta iwashwapo, bawabu huyu hutazama vile inavyoamka: je, programu za kuamshia ni zile zile, na mipangilio ni ile ile? Akiona hapana lililobadilika, huutoa ufunguo kimya kimya, hata mwenye kompyuta hajui kwamba pana kufuli. Akiona jambo geni, hudhani ni hila ya mwivi, akauzuia. Hapo BitLocker hudai nambari ya kufungulia yenye tarakimu 48, zilizopangwa mafungu 8 ya tarakimu sita sita.

Nayo mipangilio yaweza kubadilika pasipo mwivi. Katika kompyuta nyingi za mezani mna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu. Ile itumiwayo sana, CR2032, ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kutunza saa, na katika kompyuta nyingi hutunza pia mipangilio ya kuamkia, wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikiisha nguvu, saa hurudi tarehe ya zamani, na mipangilio huenda ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa diski haikufumbwa, hasara ni ndogo: mwenyewe atapanga upya, na kazi yake ipo. Ikiwa imefumbwa, huenda bawabu akaiona kompyuta kuwa ngeni na kudai nambari. Kadhalika huwa hivyo fundi akibadili ubao mkuu wa kompyuta, au akiihamisha diski katika kompyuta nyingine.

Tuseme karani wa shule ameweka alama za mitihani za miaka mitano katika kompyuta moja. Betri yaisha, mipangilio yapotea, na asubuhi kioo chadai tarakimu 48. Karani hajapata kusikia habari zake. Hakufumba diski yeye; ilijifumba. Maana katika kompyuta nyingi zenye Windows 11 kazi hiyo huanza yenyewe mtu aingiapo mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na nambari huwekwa katika akaunti hiyo. Kama aliyeingia kwanza alikuwa fundi wa dukani, nambari imo katika akaunti ya fundi. Wala Microsoft hawawezi kuitengeneza upya nambari iliyopotea. Diski ni nzima, alama zote zimo, wala hapana awezaye kuzisoma.

Hata wakubwa wamefunzwa jambo hili. Tarehe 19 Julai 2024, programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipata masahihisho yenye kosa, na kompyuta zipatazo 8,500,000 zenye Windows zikakwama, nyingine za viwanja vya ndege na hospitali. Mafundi walipotaka kuziponya, zile zilizofumbwa kwa BitLocker zilidai nambari, kila moja nambari yake. Fikirini basi hali ya yule ambaye orodha ya nambari zake ilikuwa imefungwa ndani ya kompyuta iliyokwama.

Je, tuache kufumba diski? La. Asiyefunga mlango amemkaribisha mwivi. Lakini afungaye na ashike kanuni hizi nne:

1. Chunguza kama diski yako imefumbwa, ujue na nambari iko katika akaunti ya nani.
2. Iandike au uichape karatasini, uihifadhi mbali na kompyuta. Ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake si ufunguo.
3. Kabla ya kubadili betri au mipangilio ya kuamkia, simamisha BitLocker kwa muda. Kazi ikiisha, irudishe.
4. Weka nakala ya pili ya kazi yako mahali pengine, kwa kuwa diski yaweza pia kuharibika, na hapo nambari haifai kitu.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Walinena habari za biashara, nasi twaona kwamba neno lao lafaa hata kwa tarakimu 48.

MASWALI

1. Kwa nini neno la siri la kuingilia peke yake halitoshi kuilinda diski?
2. Eleza kazi ya TPM kwa mfano wa bawabu.
3. Betri ndogo yawezaje kumfungia mtu nje ya kazi yake?
4. Karani angalifanya nini mapema ili asipatwe na hasara?
5. Karatasi yenye nambari ikiwekwa pamoja na kompyuta, ni hatari gani mbili ziwezazo kutokea?