Muwasho wa kinena unaorudi kila mara

Daktari, mimi ni mvuvi wa Msimbati. Nawashwa kinenani kwa miezi sasa. Alama imeinuka ukingoni, katikati imefifia. Nikipaka dawa inapoa, nikiacha inarudi.

Kwa maelezo hayo, nadhani una choa, yaani fangasi wa ngozi. Huanzia kwenye mkunjo wa paja na kutambaa kwenda ndani ya paja, na mara nyingi korodani husalimika. Fangasi hustawi penye joto na unyevu, na bukta iliyolowa tangu alfajiri mpaka chombo kinarudi pwani ina vyote viwili. Muwasho huu hauna maana kwamba wewe ni mchafu, kwa hiyo usione haya kumweleza mhudumu wa zahanati.

Dawa niliyopewa dukani ni ya mchanganyiko. Mbona hutuliza haraka hivyo?

Soma boksi lake. Ukiona betamethasone au clobetasol, hizo ni steroidi. Hutuliza muwasho kwa kupunguza nguvu ya kinga ya ngozi, kwa hiyo fangasi hubaki wakienea bila kusumbuliwa. Ukiacha kupaka, huibuka wamesambaa zaidi, na ule ukingo umepotea kiasi kwamba hata tabibu anaweza asiwatambue kwa macho. Zaidi ya hapo, ngozi ya kinena ni laini. Ukiizoesha dawa hizi hukonda na kuchanika michirizi ambayo haifutiki. Inaniuma sana kuona kijana amepata michirizi hiyo kwa sababu ya ugonjwa ambao kwa kawaida hutibika.

Nunua clotrimazole ya asilimia 1 isiyochanganywa na kitu. Jikaushe vizuri, kisha paka mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa alama kwa upana wa kidole kimoja. Muwasho unaweza kwisha mapema, lakini usiache. Endelea wiki mbili baada ya ngozi kupona.

Na ikirudi tena?

Tazama katikati ya vidole vya miguu. Ngozi nyeupe, iliyolainika na kubanduka, huwa ni fangasi walewale, na chupi inapopita miguuni huwapandisha kinenani. Tibu sehemu zote mbili kwa pamoja. Siku ya kuvaa viatu, tangulia kuvaa soksi ndipo uvae chupi. Kila mtu nyumbani awe na taulo lake. Ukifika nchi kavu vua bukta, oga kwa maji matamu, jikaushe, ujifunge kikoi ili kinena kipate hewa.

Niende hospitali lini?

Wiki nne za dawa sahihi zikipita bila nafuu, au upele ukifika matakoni na kiunoni. Huenda ukahitaji vidonge, na hivyo usijinunulie mwenyewe. Korodani zikiwaka na vipele vidogo vikizunguka pembeni, huenda ni fangasi wa aina nyingine. Kwa kuwa kisukari na VVU huweza kufanya fangasi warudi kila mara, pima sukari, na VVU pia. Zahanati ikishindwa, omba rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, na uulize kama ngozi inaweza kukwanguliwa ikatazamwe kwa hadubini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha matabibu tangu 1992, kwa hiyo ulizia pia kama hapo Ligula yupo aliyesomea huko. Nenda na maboksi ya dawa zote ulizowahi kupaka.