Stoo Moja, Miradi Mingi: Mafunzo Niliyopata Kisian

Ukitoka Kisumu mjini ukaupita uwanja wa ndege, unafika Kisian, pale barabara inapogawanyika: mkono mmoja unapanda kwenda Maseno na Busia, mwingine unapita Holo kwenda Bondo. Wengi wanapajua kwa sababu ya KEMRI na maabara zake. Mimi nafundisha vijana kuandika programu katika chumba cha kukodi si mbali na njia panda hiyo. Kompyuta zetu ni za mitumba, diski ni ndogo, na bando inatoka mfukoni mwetu. Kwa hiyo jambo ambalo mwenye intaneti ya bwerere hulitazama kama unadhifu tu, kwetu limekuwa suala la shilingi: pnpm, programu inayosimamia pakeji za JavaScript, iliyoanzishwa na Rico Sta. Cruz, huhifadhi faili kwa kufuata kilichomo ndani yake, si kwa jina ililopewa na mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuitumia.

1. Jina la pakeji ni ahadi, na ahadi huvunjwa.

Kijana mmoja akivuta pakeji Jumatatu, na mwenzake akaandika amri ileile Ijumaa, huenda wakapata vitu viwili tofauti, kwa kuwa «latest» ni toleo lolote lililotangazwa mwisho. Tena mwenye jina anaweza kuamka siku moja akaliondoa. Machi 2016, Azer Koçulu aliondoa pakeji zake kwenye npm, mojawapo ikiwa left-pad, yenye mistari 11 tu. Miradi mikubwa duniani ilikwama mpaka npm wenyewe wakairudisha.

Heshi haina tabia hiyo. Faili inapitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-512, inatoka nambari ya tarakimu 128, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f, na nambari hiyo ndiyo inakuwa anwani yake. Siku ya kwanza huwa siwaelezi vijana sana. Nawaambia waandike neno «Kisian» kwenye faili, wapige sha512sum, kisha wabadilishe K kubwa iwe ndogo, wapige tena. Zinatokea nambari mbili tofauti kabisa. Hapo maswali yanaanza yenyewe, na mwalimu hana kazi tena ila kujibu.

Kwa kweli walikuwa wakiitumia mbinu hii kabla ya kuijua. Git, tangu ilipotoka 2005, inahifadhi kila kitu kwa njia hiyohiyo.

2. Fungua stoo uitazame kwa macho yako.

Watu wanaogopa folda zenye majina ya ajabu. Sisi huifungua. Ndani ya stoo ya pnpm kuna folda ya faili, na ndani yake folda ndogo zenye majina ya herufi mbilimbili: 00, 01, 02, hadi ff. Zikijaa zote ni 256. Herufi mbili za kwanza za heshi ndizo jina la folda, 126 zilizobaki ndizo jina la faili. Hakuna react humo, hakuna express, hakuna jina la mtu. Kuna vipande tu, kila kimoja mara moja. Mpango huu wa kuhifadhi faili mojamoja badala ya pakeji nzima ulikuja na toleo la 5, mwaka 2020, na faida yake inaonekana pakeji inapotoa toleo jipya: kama faili moja tu ndiyo iliyobadilika, diski inaongezewa hiyo moja, nyingine zinabaki zilizokuwa. Matumizi ya bando, lakini, hayapungui kwa kiasi hicho. Pakeji mpya bado inapakuliwa nzima, na hili nalisema wazi kwa sababu vijana wengi huja wakiamini vingine.

3. Ukubwa wa folda hauonyeshi ukweli wote.

«Mwalimu, nimefuta miradi mitatu na diski bado imejaa!» Swali hili linarudi kila kundi jipya linapoingia, na ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

Kwenye Linux, pnpm ikiweka pakeji ndani ya mradi, mara nyingi hainakili kitu. Inaipa faili ya stoo jina la pili, ndani ya node_modules, folda ya pakeji za mradi. Ni faili moja yenye majina mawili, na mradi mwingine ukiihitaji inapata jina la tatu. Piga ls -l, kisha angalia safu ya pili, ile nambari ambayo hakuna mtu huisoma: hiyo ndiyo idadi ya majina. Ukikuta 9, ujue faili hiyo inaonekana mahali tisa na imekula nafasi ya moja. Ukipima kila mradi peke yake kwa du kisha ukajumlisha, unaweza kupata jumla inayozidi hata ukubwa wa diski yenyewe.

Kufuta mradi, basi, ni kufuta jina. Faili inaondoka jina la mwisho linapofutwa, na jina la stoo huwa bado lipo. Amri ya pnpm store prune ndiyo inayopita na kuondoa vipande visivyotumiwa na mradi wowote. Usiiendeshe ovyo ikiwa bando imeisha. Kilichoondolewa leo unaweza kukihitaji kesho, na utakilipia upya.

4. Faili iliyo ndani ya node_modules si yako peke yako.

Kijana alifungua pakeji ndani ya mradi wake akaongeza mistari ya console.log ili atafute kosa. Programu yake ya kuhariri iliandika juu ya faili ileile bila kuunda mpya, na maneno yake yakaanza kutokea kwenye skrini ya mradi mwingine kabisa katika mashine hiyo. Anayetaka kurekebisha pakeji atumie pnpm patch, inayompa nakala ya kando. Cha kushukuru ni kwamba kosa kama hilo linagundulika: pnpm ikisakinisha tena, inapima kilichomo dhidi ya heshi, na kisicholingana inakileta upya.

5. Usibebe node_modules kwenye flashi. Beba stoo.

Flashi nyingi zimefomatiwa kwa exFAT, na exFAT haijui faili yenye majina mawili. Ukinakili node_modules, kila jina linageuka faili kamili na viungo vinakatika. Stoo haina tatizo hilo, kwa kuwa ni faili za kawaida tu. Tatizo lake ni udogo wa faili hizo: flashi ya exFAT inayozidi GB 32 kwa kawaida hutenga KB 128 kwa kila faili, hata iwe na mistari miwili. Faili elfu nyingi za aina hiyo zitaijaza kabla hujafika nusu. Zifunge zote kwa tar ziwe faili moja, zifungue upande wa pili kwenye diski ileile yenye miradi, kisha endesha pnpm install --offline. Mradi uwe na pnpm-lock.yaml yake, maana humo ndimo heshi za pakeji zimeandikwa.

6. Jirani anatosha.

Hapa ndipo naona faida kubwa, kuliko hata nafasi ya diski. Kama kitu kinatambulika kwa alama yake kama mtu anavyotambulika kwa kidole, haijalishi nani amekuletea. Seva ya Marekani, mashine ya mwenzako, flashi iliyosafiri kwa matatu kutoka Bondo: ukipima na heshi ikalingana na iliyo kwenye faili ya lock, ni kitu kilekile. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Chumba chetu kiliendelea na masomo kwa stoo iliyokuwepo. Naona ajabu kwamba bado tunawafundisha vijana kuwa ubora wa kitu unategemea umbali kilikotoka.

7. Si kila heshi ni ya kilichomo.

Nix, programu nyingine ya kusimamia pakeji, iliyoanzishwa na Eelco Dolstra huko Utrecht mwaka 2003, ina stoo yenye majina yanayofanana na haya, lakini kwa kawaida huhesabu mapishi: msimbo, vifaa na maelekezo ya ujenzi. Ni mbinu nzuri, ila usizichanganye. Matokeo ya mapishi yaleyale yanaweza kutofautiana kwa kitu kidogo kama tarehe iliyoandikwa ndani.

8. Heshi sahihi haimaanishi kitu chema.

Mwaka 2018, mtu aliyejitolea kutunza pakeji ya event-stream aliingiza ndani yake flatmap-stream, iliyolenga pochi ya bitcoin ya Copay. Heshi zake zilikuwa sahihi. Machi 2024, Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Hakuna heshi ingemwambia, kwa sababu kilichotangazwa ndicho kilichopakuliwa. Heshi hujibu swali moja: je, hiki ndicho? Swali la kama kinafaa bado linataka macho ya mtu.

Hesabu zenyewe pia huzeeka. Februari 2017, watafiti wa CWI ya Amsterdam na Google walionyesha PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Ukiona programu inayotegemea SHA-1 peke yake kwa usalama, iulize maswali.

Wewe mwenye chumba kama changu, iwe Usenge, Mbita au Homa Bay: tenga diski moja iwe na stoo, na usimpokee mwanafunzi anayeleta mradi usio na faili ya lock. Ukipita Kisian, njoo na flashi yenye nafasi. Yetu tumeshaifunga kwa tar, na kunakili ni bure.