SOMO LA WIKI: Nani anapiga nje, na kwa laini ipi?

Mfanyabiashara wa mahindi Sumbawanga huhesabu bei ya gunia, kamba, wapakiaji na lori. Bili ya simu huja mwisho wa mwezi, wakati faida imekwisha kugawanywa. Wiki hii tunaziacha bei za gunia kidogo, tutazame namna swichibodi ya ofisi inavyopitisha simu za nje na namna ya kuidhibiti.

Tuchukue mfano wa ghala lenye simu nane za ndani: meneja, mhasibu, makarani wawili wa mauzo, mapokezi, stoo, mizani na mlinzi. Laini za nje ni tatu: moja ya mezani, na mbili za mitandao ya simu za mkononi zilizounganishwa na swichibodi.

Mtambo husoma tarakimu tu

Karani akiinua mkonga na kubonyeza 9 (mitambo mingine hutumia 0), anaomba kutoka nje. Mtambo hutazama mambo mawili: simu hiyo iko daraja gani, na namba inayopigwa inaanzaje. Haujui kama anapigiwa mnunuzi au shemeji.

Kwa hiyo mwenye ofisi ni lazima azijue tarakimu. 022 ni Dar es Salaam. 025 ni kanda yetu pamoja na Mbeya. 06 na 07 ni simu za mkononi. 000 ni nchi za nje, lakini Kenya imewekewa 005 na Uganda 006. Aliyefunga 000 peke yake ameacha njia ya Nairobi na Kampala wazi. Afunge 00, ndipo zote zinafungika.

Je, kama una wateja Mbala au Mpulungu? Ruhusu 000260, yaani Zambia peke yake. Katika mitambo mingi kanuni ndefu huishinda fupi: 00 imefungwa, lakini 000260 inapita. Muulize fundi kama wako hufanya hivyo.

Gawa madaraja

1. Meneja: popote.
2. Mauzo na mhasibu: nchi nzima, pamoja na Zambia.
3. Mapokezi, stoo na mizani: namba za 025 na za madereva zilizoorodheshwa.
4. Mlinzi: ndani ya ofisi tu.

Namba ya dharura, 112, isifungwe kwa simu yoyote. Wezi wakivunja ghala usiku, mlinzi hana nafasi ya kutafuta namba ya siri.

Kuchagua laini nafuu

Hadi mwaka 1993 posta na simu zilikuwa shirika moja, na ofisi haikuwa na mtandao wa kuchagua. TTCL ilianza kazi mwaka 1994, na mwaka huohuo Mobitel ikaleta simu za mkononi. Mitandao ilipoongezeka, swichibodi zikapangwa kuchagua laini: 075 ipite laini ya Vodacom, 078 ya Airtel.

Mpango huo bado unafaa, ila usiuamini wote. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile, kwa hiyo mwanzo wa namba si ushahidi kamili wa mtandao aliopo. Linganisha orodha ya simu zilizopigwa na bili kila mwezi.

Amua pia laini nafuu ikiwa na mtu, simu ifanye nini: isubiri, au ihamie laini ya ghali? Usipoamua wewe, itakuwa vile fundi alivyoiacha.

Mianya

Kufuli la mlangoni halisaidii dirisha likiwa wazi. Kagua haya:

– Simu ya ndani inayoweza kuelekezwa namba ya nje. Mtu huiacha hivyo jioni, kisha huipigia toka nyumbani, na ofisi hulipa.
– Namba fupi zilizohifadhiwa. Katika mitambo mingine hupita bila kuulizwa daraja.
– Mapokezi kumuunganishia laini yeyote anayeomba.
– Namba ya siri ya kiwandani, kama 0000 au 1234, ambayo haijabadilishwa. Wezi wa simu huijaribu kwanza, hasa usiku na sikukuu.

Usifunge mno

Mnunuzi wa Dar es Salaam anataka mzigo wa malori matatu leo. Simu inakatika, karani hawezi kumrudia kwa kuwa daraja lake linaishia 025, na meneja yuko Laela anapima mahindi. Mnunuzi atampigia mwingine. Shilingi za simu zimeokolewa, mzigo umebaki ghalani. Anayeuza apewe njia ya kuuza. Akipewa namba yake ya siri, kila simu itaandikwa kwa jina lake, na mazungumzo juu ya bili yatakuwa mafupi.

Zoezi: Chukua bili ya mwezi uliopita na uweke alama kwenye simu kumi za ghali zaidi. Ngapi zilileta mzigo au mteja? Kisha jioni, nenda kwenye simu ya mlinzi, bonyeza 9 na ujaribu kupiga nje.