Miji ya Karatasi

Katika mwaka 2018, mjini New York katika Marekani, watu wengi waliingia nyumba kubwa ya makumbusho wapate kutazama miji. Ndiyo, miji mizima ndani ya nyumba! Mmoja ulikuwa na urefu wa mita 5 na zaidi, wenye majumba marefu, barabara na madaraja, na rangi nyingi kama za sikukuu. Kwa mbali mtu alidhani ni vitu vya bei kubwa. Alipokaribia, aliona karatasi, makartoni, mikebe ya vinywaji na vizibo vya chupa.

Fundi wa miji hiyo ni mtu wa Kongo, Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga. Mwaka 1970 akahamia Kinshasa, akawa mwalimu. Kisha ikamshika hamu kubwa ya kutafuta makasi, wembe, gundi na karatasi. Wembe ule ule wa kunyolea ndevu! Akajenga nyumba ndogo, akaipeleka kwa wakubwa wa makumbusho ya taifa.

Wakaigeuza huku na huku, wasisadiki. Kazi safi namna hii, imefanywa na mtu huyu asiyejulikana? Wakamdhania ameiiba.

Neno hilo ni chungu, na mwingine angalirudi kwake kwa hasira. Lakini Kingelez hakuwa na shahidi ila mikono yake. Akakaa kazini mbele ya macho yao. Akakata, akakunja, akabandika, hata nyumba nyingine ikasimama. Hapo wakasadiki, nao wakampa kazi ya kutengeneza vinyago vya zamani vilivyoharibika.

Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika Ufaransa. Mwaka 1994 akakijenga upya kijiji chake, kwa karatasi. Mahali pa mashamba na nyumba ndogo akaweka kiwanja cha mpira, benki na majumba ya ghorofa nyingi.

Alikufa Kinshasa mwaka 2015. Maonyesho ya New York hakuyaona.

MAULIZO

1. Kingelez alitumia vitu gani kujenga miji yake?
2. Kwa nini wakubwa wa makumbusho hawakumsadiki?
3. Kama ungejenga kijiji chako kwa kartoni, ungeongeza nini?